Kuingia benki kwa mtandao bila kuibiwa: mwongozo kamili kwa waweka hazina wa vikundi

Ule ukurasa mwekundu unaosema muunganisho si salama ndio unaowaleta watu wengi kwenye meza yangu ya kutengeneza kompyuta hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya. Mweka hazina wa kikundi cha viazi kutoka Uyole, katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa kutoka Mbozi, mwalimu wa Tukuyu anayetunza fedha za VICOBA ya wenzake, wote wanafika na swali moja: "Fundi, huu wekundu unatoka wapi?" Na karibu wote, kabla ya kuja, wameshabonyeza "endelea" mara kadhaa na kuandika neno la siri la benki humo humo.

Nimeeleza kwa mdomo mara nyingi na makosa yanarudi yale yale. Kwa hiyo naandika hatua kwa hatua, kwa mpangilio ninaoufuata mimi mwenyewe ninapoandaa simu au kompyuta ya kikundi. Usiruke, kwa sababu hatua ya sita haisomeki vizuri kama ya kwanza haijakaa sawa. Tenga saa mbili, siku ambayo hamna mkutano wala mnada.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yako wewe mwenyewe, si ya mtoto wala ya dukani, yenye chaji ya kutosha.
- Kompyuta, kama kikundi kinatumia. Kama hakuna, simu inatosha.
- Laini iliyosajiliwa kwa alama zako za vidole na kwa namba yako ya NIDA.
- Ile kadi kubwa ya plastiki uliyobandua laini siku ya kuinunua. Ina namba ya PUK, ile inayofungua laini iliyojifunga. Kama imepotea, pitia kwanza ofisi ya mtandao wako.
- Karatasi kutoka benki yenye anwani sahihi ya tovuti yao na namba yao ya huduma kwa wateja. Ichukue tawini kwa mkono wako.
- Daftari na kalamu.
- Bando la kutosha kupakua masasisho. Usitegemee Wi-Fi ya hotelini kwa kazi hii, si kwa sababu ni hatari sana bali kwa sababu itakukatia katikati.

Ile karatasi ya benki wengi wanaidharau. Usiidharau. Kila kitu tutakacholinganisha huko mbele tutalinganisha nayo, na anwani uliyoipata kwenye kundi la WhatsApp haiwezi kushika nafasi yake.

## Hatua ya 1: Weka saa na tarehe sawasawa

Hapa ndipo nusu ya wekundu unapotoka. Tovuti ya benki inajitambulisha kwa cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kivinjari chako kinalinganisha tarehe hizo na saa ya kifaa chako. Kompyuta ikiamini kwamba leo ni mwaka 2009, kila cheti duniani kitaonekana hakijaanza kutumika, na utapigwa wekundu hata kwenye tovuti halali kabisa.

Kompyuta za mezani za zamani zina betri ndogo ya mviringo ndani, aina ya CR2032, inayotunza saa umeme ukikatika. Ikifa, kila umeme unapokatika tarehe inarudi nyuma miaka. Badilisha betri hiyo. Ni ya bei ndogo na fundi yeyote anayo. Kuirekebisha tarehe kwa mkono kila asubuhi kunakufundisha tabia mbaya ya kuona wekundu ni jambo la kawaida, na siku wekundu wa kweli utakapokuja utaupita vilevile.

Kwenye simu, fungua Mipangilio, kisha Tarehe na saa, uwashe saa ya mtandao na saa za eneo za mtandao.

Onyo kwa walioko mpakani. Ukiwa Tunduma simu inaweza kudaka mnara wa Nakonde, na ukiwa Kasumulu ikadaka wa Malawi. Zambia na Malawi ziko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa ya simu itarudi nyuma saa moja. Watu wengi hukasirika, wakazima saa ya mtandao, wakasogeza mshale mbele kwa mkono. Kosa. Simu sasa inaamini iko Zambia na pia inaamini ni saa moja mbele, na hesabu yake ya ndani imepotoka kwa saa nzima. Kama benki yako inakupa programu inayozalisha namba mpya kila sekunde 30, namba hizo zinatokana na saa hiyo ya ndani, na zote zitakataliwa. Nimewahi kumpokea mfanyabiashara wa mpunga aliyekwisha kujifungia akaunti kwa sababu hiyo tu. Dawa ni kuchagua saa za eneo za Dar es Salaam kwa mkono na kuiacha saa yenyewe ijiweke kwa mtandao.

*Utajua umefaulu:* zima kifaa, subiri dakika tano, washa. Tarehe na saa viwe sahihi bila wewe kugusa chochote.

## Hatua ya 2: Pima umri wa kifaa

Simu yako na seva ya benki, yaani kompyuta yao, huzungumza kwa utaratibu wa kuficha mazungumzo unaoitwa TLS. Toleo la 1.0 na la 1.1 yaliachwa rasmi mwaka 2021 kwa udhaifu wake. Yanayotumika sasa ni 1.2 na 1.3, na hilo la 1.3, lililotoka Agosti 2018, limetupa nje mbinu zote kuukuu zilizokuwa zinawapa wezi upenyo. Kwenye simu za Android, TLS 1.3 huja ikiwa imewashwa kuanzia Android 10.

Fungua Mipangilio, nenda hadi Kuhusu simu, soma toleo. Likiwa chini ya 10, simu hiyo ibaki ya kupiga na kupokea. Kwa kompyuta, Windows 7 iliacha kupewa marekebisho ya usalama Januari 2020, na Windows 10 ikafuata Oktoba 2025. Kama kikundi hakina fedha ya kompyuta mpya, fanyeni kazi ya benki kwenye simu nzuri ya mtu mmoja na kompyuta ya zamani iendelee kuandika mihtasari.

*Utajua umefaulu:* ukibonyeza sehemu ya masasisho, kifaa kinakujibu kwamba kimekamilika na tarehe yake ya marekebisho ni ya karibuni.

## Hatua ya 3: Funga laini, kisha funga simu

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo iliyoumiza watu wengi ninaowajua.

Fikiria umeporwa simu kwenye msongamano wa Kabwe. Kioo kimefungwa kwa alama ya kidole, kwa hiyo unajipa moyo. Mwizi hahangaiki na kioo. Anachomoa laini, anaiweka kwenye simu yake, na dakika hiyo hiyo ujumbe wote wa benki unaingia kwake, pamoja na namba za uthibitisho, zile wengi tunaziita OTP. Kufunga kioo hakuigusi laini. Laini ina kufuli lake.

1. Fungua Mipangilio, kisha Usalama, tafuta sehemu ya kufunga SIM kadi.
2. Utaulizwa namba ya siri ya laini iliyopo. Iko kwenye ile kadi kubwa ya plastiki. Usibahatishe. Ukikosea mara 3, laini itadai PUK, na ukikosea PUK mara 10 laini imekufa.
3. Ukishaifunga, badilisha namba hiyo uweke yako. Isiwe sawa na ya M-Pesa, ya benki wala ya kioo.
4. Rudi kwenye mipangilio ya kioo, zuia ujumbe usionekane maneno yake kabla simu haijafunguliwa. OTP inayosomeka kwenye kioo kilichofungwa ni ya yeyote aliyeishika simu.

Kisha piga *106# na uangalie ni namba ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi ya mtandao husika ikafutwe. Hili linatokea pale wakala wa barabarani anapokwambia kidole hakijasoma, weka tena, weka tena, huku anasajili laini nyingine kwa jina lako.

Na ukiona mtandao wako umepotea ghafla huku wenzako walio karibu nawe wa mtandao huo huo wanapiga kawaida, usilaumu mawingu ya Kawetere. Huenda mtu ametoa laini mpya kwa namba yako. Azima simu, piga benki.

*Utajua umefaulu:* zima simu na uiwashe. Kabla ya mtandao kusoma, inadai namba ya siri ya laini.

## Hatua ya 4: Safisha programu

Pakua programu ya benki kutoka Play Store au App Store tu. Mtu akikutumia faili la apk, yaani faili la kusakinisha programu, kwa WhatsApp akidai ni toleo jipya la benki, au la mikopo ya haraka, lifute bila kulifungua.

Pitia programu zote zilizopewa ruhusa ya Ufikivu. Ruhusa hii iliwekwa kwa ajili ya watu wasioona, ili programu iwasomee kioo na kubonyeza kwa niaba yao. Programu ya wizi ikiipata, nayo inasoma kioo chako na kubonyeza kwa niaba yako. Ondoa pia programu za kuendesha simu kutoka mbali. Nzuri kazini kwetu mafundi, lakini hakuna mfanyakazi wa benki anayehitaji kuona kioo chako.

Je, kompyuta za kukodi mjini? Hapana. Hata TLS iwe imara vipi, inalinda maneno yanapotoka kwenye kompyuta kwenda benki. Kilichojificha ndani ya kompyuta hiyo na kurekodi vidole vyako hakizuiwi nayo.

## Hatua ya 5: Soma anwani kutoka kulia

Watu wamefundishwa kutafuta kufuli. Mafunzo hayo yamepitwa na wakati. Chrome yenyewe iliiondoa picha ya kufuli Septemba 2023 ikaweka alama nyingine, kwa sababu watu walidhani kufuli maana yake tovuti ni ya kweli. Kufuli lilimaanisha tu kwamba mazungumzo yenu hayasikilizwi njiani.

Ni kama bahasha uliyoifunga vizuri ukamkabidhi kondakta wa basi la Iringa. Hakuna atakayeisoma njiani. Lakini kama juu umeandika jina la mwizi, mwizi ataipokea ikiwa haijachanika hata pembe. Tovuti za kitapeli nazo zina cheti, nazo zina https.

Kwa hiyo kazi yako ni kusoma jina lililo juu ya bahasha. Chukua mfano huu niliotunga:

https://benkiyetu.co.tz.thibitisha-akaunti.com/ingia

Jicho lako limeona "benkiyetu.co.tz" na limeridhika. Sasa soma hivi:

1. Ruka "https://".
2. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya hapo. Hapa uko kabla ya neno "ingia".
3. Kutoka kwenye mkwaju huo, rudi kushoto. Unakutana na ".com", kisha "thibitisha-akaunti".
4. Huyo ndiye mwenye nyumba: thibitisha-akaunti.com. Vyote vilivyo kushoto zaidi ni pambo ambalo mwenye nyumba anaweza kujiandikia apendavyo.

Anwani ya Tanzania ikiishia ".co.tz", mwenye nyumba ni neno linalotangulia ".co.tz" moja kwa moja. Linganisha herufi kwa herufi na ile karatasi uliyochukua tawini. Angalia hasa "r" na "n" zilizobanana zikaonekana "m", na sifuri iliyokaa mahali pa "o".

Ukiridhika, hifadhi anwani hiyo kwenye alamisho (bookmarks) za kivinjari. Kuanzia siku hiyo, ingia kwa alamisho peke yake. Usiingie kupitia kiungo cha ujumbe, wala kwa kutafuta Google, kwa sababu tangazo la kulipia linaweza kukaa juu ya benki yako.

*Utajua umefaulu:* mwenzako akuandikie anwani tano za kubuni kwenye karatasi, nawe utaje mwenye nyumba wa kila moja bila kusita. Nimewapa zoezi hili mama zangu wa kikundi cha Uyole, na waliokuwa wanaogopa kompyuta ndio walioshinda, kwa sababu wanasoma polepole.

## Hatua ya 6: Fungua cheti ukisome

Ukiwa kwenye tovuti ya benki, bonyeza alama iliyo kushoto kwa anwani. Fungua taarifa za muunganisho, kisha cheti. Soma vitu vitatu: cheti kimetolewa kwa nani, na jina hilo liwe lile la mwenye nyumba ulilosoma katika hatua ya 5, kimetolewa na nani, kinaisha lini. Vyeti vya siku hizi havifikishi hata mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo anayekwambia kina miaka kumi anakudanganya.

Kuanzia hapa wekundu una maana moja tu: tatizo haliko kwako, liko njiani au kwenye tovuti yenyewe. Saa yako iko sawa, kifaa ni kipya, anwani ni sahihi. Ukija tena, funga ukurasa. Usibonyeze "endelea" hata kama leo ndiyo siku ya kulipa wakulima. Piga namba iliyo kwenye karatasi yako uulize.

### Ukidaiwa pesa ya "leseni ya kufuli"

Nasimama hapa kidogo kwa sababu jambo hili limenikera. Mwaka jana kikundi kimoja kililetewa kijana mwenye tai na kabrasha, akawaambia mitambo ya kusimba, yaani kuficha maneno yasisomwe njiani, inayotumiwa na benki ina hataza za Marekani, na kwamba kila kikundi kinachoingia benki kwa mtandao lazima kilipe leseni ya mwaka, shilingi laki tatu. Wakalipa. Walikuja kwangu baadaye kuuliza namba ya leseni wanaiandika wapi.

Ukweli ni huu, na uusome kwa sauti kwenye mkutano wenu.

Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi azuie wengine kutumia uvumbuzi wake kwa muda, kwa kawaida miaka 20 tangu alipoomba, na ina nguvu katika nchi ilikosajiliwa tu. Kwetu Tanzania Bara ofisi ya hataza ni BRELA. Anayehusika na leseni ni yule anayetengeneza au kuuza programu. Wewe unayefungua kivinjari kuangalia salio hudaiwi.

Na hata watengenezaji, kwa sehemu kubwa, hawadaiwi tena. RSA, moja ya mbinu hizo za kusimba, ilikuwa na hataza Marekani iliyotolewa Septemba 1983. Iliisha Septemba 2000, na wenyewe wakaiachia wiki mbili kabla. AES, inayofunga maneno yenyewe yanayosafiri, ilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ikapitishwa kuwa kiwango Novemba 2001. Moja ya masharti ya shindano lililoichagua ilikuwa mshindi atumike bila malipo dunia nzima.

Palipokuwa na ugomvi ni kwenye mbinu nyingine za kusimba, zinazotumia hesabu za mikunjo ya duaradufu. Kampuni ya Certicom ya Kanada ilikusanya hataza nyingi za eneo hilo, na mwaka 2003 shirika la usalama la Marekani, NSA, liliilipa dola milioni 25 kwa leseni. Watengenezaji wengine waliogopa kuigusa mbinu hiyo kwa miaka. Ndiyo maana mkunjo wa Daniel J. Bernstein uitwao Curve25519, uliotoka mwaka 2006 bila hataza, ulipokelewa kwa furaha, na leo uko ndani ya TLS 1.3. Huenda unautumia kila siku bila kuujua.

Hata ML-KEM, kiwango kipya cha kusimba cha Agosti 2024, kilichoandaliwa kwa hofu kwamba kompyuta za kwanta za baadaye zitavunja mbinu za zamani, kilifuata njia hiyo. Kulikuwa na watu wenye hataza zilizokaribiana nacho, na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ikafanya nao makubaliano kwanza ili anayefuata kiwango hicho asidaiwe. Vivinjari vipya vimeshaanza kukitumia. Unachotakiwa kufanya wewe ni kusasisha kivinjari.

Kama kikundi chenu kina tovuti yake na mnataka cheti, Let's Encrypt wanatoa bure, cha siku 90, na kinajihuisha chenyewe kikipangwa vizuri. Mlipeni fundi kwa kazi yake ya kukifunga. Cheti chenyewe msikilipie kama mnauziwa mbolea.

## Hatua ya 7: Namba za siri

Sasa tazama hesabu hii. Ufunguo wa AES wa biti 128 una michanganyiko inayofikia 340 ikifuatwa na sifuri 36. Hakuna mwizi anayejaribu kuuvunja. Namba ya siri ya tarakimu 4 ina michanganyiko 10,000, na ukitumia mwaka wa kuzaliwa, mwizi anayekufahamu ana kama themanini za kujaribu. Kati ya milango hiyo miwili, unadhani atagonga upi?

Chagua tarakimu 6 kama benki inaruhusu. Usitumie mwaka, namba ya gari, wala mwisho wa namba ya simu. Neno la siri la tovuti liwe sentensi fupi ya maneno manne au matano yasiyohusiana, kwa Kiswahili au Kinyakyusa au Kihehe, ukipachika namba katikati. Liandike kwenye daftari linalokaa nyumbani, si nyuma ya kava la simu.

OTP haisomwi kwa mtu yeyote. Mtu wa benki haihitaji, kwa sababu mfumo wake ndio ulioituma. Atakayekupigia atajua jina lako, tawi lako, pengine na salio la juzi. Atakuita mama au mzee kwa adabu, atakuharakisha, atasema akaunti inafungwa leo saa kumi. Jibu langu huwa hili, nawe lichukue: "Nashukuru, nitapiga mwenyewe namba ya benki." Kata. Piga ile ya kwenye karatasi, usirudie ile iliyokupigia.

## Hatua ya 8: Gawa madaraka kikundini

Benki nyingi zikifungulia kikundi huduma ya mtandao zinaweza kuweka mwanzishaji wa malipo na mwidhinishaji, kila mmoja kwa simu yake. Ni ulinzi mzuri kuliko yote niliyoandika hapa. Na ndio unaovunjwa haraka kuliko yote.

Nilikwenda kumwona mwenyekiti mmoja kule Igurusi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mzee, simu yako ya kuidhinisha iko wapi?"

"Anayo katibu. Macho yangu hayaoni vizuri yale maandishi, kijana ananisaidia."

Hakuna ubaya wowote moyoni mwao. Lakini simu mbili mfukoni mwa mtu mmoja ni saini moja. Tulifungua Mipangilio, tukakuza maandishi hadi mwisho, na tukafanya mazoezi ya kuidhinisha mara tatu. Mzee alisoma kila kiasi kwa sauti. Simu ikarudi kwake.

Kwa hiyo: kila mtia saini na simu yake, laini yake, namba yake ya siri. Mwidhinishaji asome jina la mpokeaji na kiasi kabla ya kubonyeza, na kama hajui malipo hayo ni ya nini, apige simu kuuliza. Mtia saini akiondoka madarakani, barua iende benki wiki hiyo hiyo afutwe.

*Utajua umefaulu:* katibu akisafiri kwenda Makambako na simu yake, malipo yanaweza kuanzishwa, lakini hayatoki mpaka mwenyekiti ayakubali akiwa Igurusi.

## Hatua ya 9: Jaribu kwa kiasi kidogo

Tuma shilingi elfu moja kwa mtia saini mwingine. Hakikisha jina lililotokea kabla ya kuthibitisha ni lake, ujumbe umefika kwa wote, na muamala unaonekana kwenye taarifa ya akaunti. Weka arifa ya kila muamala. Kesho yake ingia tena kwa alamisho, uone kama kila kitu kinakwenda bila wekundu.

Zoea pia kutotumia ujumbe kama ushahidi wa malipo. Ujumbe wa "umepokea" unaweza kutungwa na mtu yeyote. Salio ndilo linalosema.

## Kama pesa imeshatoka

Usianze kwa kumpigia tapeli kumsihi. Anakuchelewesha makusudi, huku anaihamisha.

1. Piga benki, waambie wazuie akaunti na muamala. Kama pesa ilipitia mtandao wa simu, piga na huko mara moja.
2. Piga picha za kioo: ujumbe, namba, saa. Usifute chochote hata kama unaona aibu.
3. Tuma taarifa ya tapeli na namba yake kwenda 15040.
4. Nenda kituo cha polisi upate RB, yaani namba ya taarifa yako iliyoandikwa kituoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu wizi wa aina hii, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni ugomvi wenu wawili.
5. Peleka benki barua ya malalamiko yenye namba ya RB, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakishindwa kukujibu kwa kuridhisha, hatua inayofuata ni Benki Kuu, ambayo inapokea malalamiko ya wateja wa mabenki na ina tawi hapa hapa Mbeya.

Waambie wanakikundi siku hiyo hiyo, kabla hawajasikia sokoni. Andika kwenye daftari la kikundi namba ya malalamiko, tarehe, saa uliyopiga na jina la aliyekuhudumia, kisha mwenyekiti asaini chini yake.